Kutoka Ngwenya hadi Lomahasha: siku sita katika Eswatini ya mfalme mmoja

Siku ya kwanza: Oshoek, Ngwenya, Mbabane

Wengi huingia Eswatini kwa barabara kutoka Johannesburg, wakivuka Oshoek upande wa Afrika Kusini na Ngwenya upande wa pili. Mpaka hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 6 usiku. Uwanja wa ndege wa Mfalme Mswati III ulifunguliwa Machi 2014 huko Sikhuphe, mashariki ya nchi, lakini ndege zinazotua ni chache. Barabara inafaa pia kwa sababu nchi ni ndogo, kilomita za mraba 17,364 na watu wapatao milioni 1.2. Ndani ya wiki moja unapita karibu kila mahali ambapo amri za kifalme zilitolewa, zilipingwa, au zilitekelezwa kwa risasi.

Simu ishughulikiwe kabla ya kufika Oshoek, si kwenye foleni. Ondoa orodha ya wenyeji utakaokutana nao, ondoa picha za maandamano, jitoe kwenye makundi ya mazungumzo yenye majina ya wanaharakati. Hatari yako wewe mgeni ni kurudishwa ulikotoka. Hatari ya mwenyeji ambaye jina lake limekutwa kwenye simu yako ni kubwa zaidi. Novemba 2008, kwa kutumia Sheria ya Kukabili Ugaidi ya mwaka huohuo, serikali ilikitangaza chama cha PUDEMO na jumuiya yake ya vijana SWAYOCO kuwa vikundi vya kigaidi. Tangu hapo fulana, bendera au kadi ya chama ni ushahidi wa kosa. Machi 2024 mjane wa wakili Thulani Maseko alizuiwa na polisi hapahapa Ngwenya akirejea kutoka Afrika Kusini, na simu yake ikachukuliwa.

Fedha hazina shida: lilangeni moja ni sawa na randi moja, na randi hupokelewa kila duka. Usibadilishe nyingi, kwa sababu emalangeni hazina soko ukishatoka nje ya nchi. Lakini fedha taslimu uwe nazo za kutosha siku kadhaa. Sababu yake inaeleweka vizuri ukifika Manzini.

Mbabane ni kama kilomita 20 tu kutoka mpakani. Kituo cha kwanza ni Mahakama Kuu. Kesi husikilizwa hadharani. Ingia mapema, kaa nyuma, zima simu, usirekodi. Hapa ndipo mwaka 2014 Bheki Makhubu, mhariri wa jarida la The Nation, na Maseko walipohukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa makala mbili. Makala zilihoji kukamatwa kwa mkaguzi wa magari ya serikali aliyekuwa amelizuia gari la jaji. Kosa walilosomewa lilikuwa kuidharau mahakama, na Jaji Mkuu aliyekosolewa ndani ya makala ndiye aliyetoa hati ya kuwakamata. Walikaa ndani zaidi ya miezi 15 hadi Mahakama ya Juu ilipowaachia tarehe 30 Juni 2015, baada ya upande wa mashtaka wenyewe kukubali kwamba kesi haikuendeshwa kwa haki.

Anayefuatilia sheria za nchi hii azishike mbili: ile ya ugaidi, na Sheria ya Uchochezi ya 1938 iliyoachwa na Waingereza. Septemba 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vyake vikuu vinavunja katiba. Serikali ikakata rufaa, rufaa ikakaa miaka karibu minane, na Agosti 2024 Mahakama ya Juu ikavirudisha. Ndani ya miaka hiyo minane polisi waliendelea kuvitumia, maana rufaa ilikuwa bado haijasikilizwa. Kwa hiyo usihesabu hukumu, hesabu utekelezaji. Majaji huteuliwa na mfalme kwa ushauri wa tume ambayo wajumbe wake nao huteuliwa na mfalme.

Siku ya pili: Lobamba

Barabara ya MR3 inashuka mlima Malagwane hadi bonde la Ezulwini. Lobamba ni mji mdogo wenye mambo mazito: Bunge, Uwanja wa Somhlolo, makumbusho ya taifa, na jirani yake boma la Ludzidzini, makao ya mama mfalme. Usipige picha ya boma la kifalme, askari au kizuizi cha barabarani. Makumbusho na bustani ya kumbukumbu ya mfalme wa zamani, Sobhuza II, huingiwa na yeyote, na picha za miaka ya mwanzo ya uhuru zilizomo zinastahili muda wako.

Uhuru ulipatikana tarehe 6 Septemba 1968, pamoja na katiba ya vyama vingi. Uchaguzi wa 1972 ulikuwa wa viti 24. Chama cha mfalme, Imbokodvo, kilichukua 21. Chama cha NNLC cha Dkt. Ambrose Zwane kikapata vitatu. Vitatu hivyo ndivyo vilivyoipindua katiba. Serikali ilidai mmoja wa wabunge hao, Bhekindlela Ngwenya, si raia, ikamfukuza nchini, kisha ikapitisha sheria mpya ya uhamiaji ili mahakama zisiwe na la kusema. Mahakama ya Rufani ikaibatilisha sheria hiyo. Wiki chache baadaye, tarehe 12 Aprili 1973, Sobhuza II alitangaza kwamba katiba imefutwa, vyama vimepigwa marufuku, na mamlaka ya kutunga sheria, kutawala na kuhukumu yote yako mikononi mwake. Pamoja na tangazo ikaja amri ya kumweka mtu kizuizini siku 60 bila mashtaka. Siku hizo zikiisha zilianza upya.

Watetezi wa mfumo huu husema kwamba huu ndio utamaduni wa Waswazi kabla ya mkoloni. Ukweli wa tarehe unakataa. Marufuku ya vyama ilikuja baada ya kushindwa mahakamani, na aliyeshindwa ndiye aliyeandika amri.

Mfumo wa sasa unaitwa tinkhundla. Nchi ina majimbo 59, kila moja likiitwa inkhundla. Uchaguzi huanzia kwa chifu: watu hukusanyika, mtu hutajwa jina hadharani, na sharti aungwe mkono na wakazi wasiopungua 10 hapohapo, mbele ya macho ya wote. Hatua hii ndiyo chujio lenyewe, maana hakuna siri ndani yake na kila aliyenyoosha mkono anaonekana. Baadaye inakuja kura ya siri ndani ya himaya ya chifu, halafu kura ya jimbo zima. Wachaguliwa 59 huongezewa wateuliwa wa mfalme wasiozidi 10. Kwenye Seneti yenye watu 30, mfalme anateua 20. Katiba ya 2005 inataja uhuru wa kujumuika katika kifungu cha 25, na katika kifungu cha 79 inasema msingi wa kuchaguliwa ni sifa ya mtu binafsi. Ndiyo maana chama hakiwezi kusimamisha mgombea, hata kama hakijapigwa marufuku kwa jina. Katiba hiyohiyo inamkinga mfalme asishtakiwe, na kumfanya mkuu wa jeshi, polisi na magereza.

Je, Bunge linaweza kuikataa serikali? Lilijaribu. Tarehe 3 Oktoba 2012 wabunge 42 dhidi ya 6 walipiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Barnabas Dlamini. Kura hiyo ilizidi tatu ya tano ya wabunge wote, na katiba inasema ikifika hapo mfalme analazimika kulivunja baraza la mawaziri. Halikuvunjwa. Haikupita hata nusu mwezi wabunge wakarudishwa ukumbini kuifuta kura yao wenyewe. Mawaziri wakuu waliothibitishwa tangu uhuru wote ni wa ukoo wa Dlamini; wa majina mengine walikaimu tu.

Penye boma la ng'ombe la Ludzidzini hufanyika Sibaya, mkutano wa taifa. Novemba 2021 Cyril Ramaphosa alikuja kwa niaba ya SADC, akaondoka na ahadi ya mazungumzo ya kitaifa. Kilichokuja ni Sibaya ya Oktoba 2023, baada ya uchaguzi. Katika Sibaya mtu hupewa kipaza sauti, husema, hukaa. Hakuna ajenda ya pamoja, hakuna kura, na neno la mwisho ni la mfalme. Agosti 2024 Tanzania ilichukua uenyekiti wa chombo cha SADC cha siasa na ulinzi, kwa hiyo faili la Eswatini lilipita pia Dodoma na Dar es Salaam. Msomaji wa Tanzania ana haki ya kuuliza lilifanyiwa nini.

Siku ya tatu: Malkerns na Bhunya

Njia ya leo ni fupi: kutoka MR3 unakunja kuelekea Malkerns, Luyengo na Bhunya. Mashamba ya mananasi, kisha misitu ya misonobari.

Emphetseni, eneo la Malkerns, Aprili 2018 nyumba zilibomolewa na watu 61 wakabaki nje, zaidi ya nusu yao watoto. Amnesty International iliandika kisa hicho kwa kina. Familia zilikuwa zimeishi pale miongo kadhaa, lakini ardhi ilikuwa na hatimiliki ya mtu mwingine, na hakuna sheria iliyoilazimu serikali kuwatafutia mahali pengine. Agizo la mahakama lilikuwepo. Ubomoaji huu ulikuwa halali kwa karatasi, na ndiyo maana ni mgumu kuupinga.

Huko Luhleko, upande wa Bhunya, ndiko Thulani Maseko alikopigwa risasi usiku wa tarehe 21 Januari 2023, kupitia dirishani, akiwa sebuleni na mke na watoto. Alikuwa mwenyekiti wa jukwaa lililoviunganisha vyama, makanisa na mashirika kudai mazungumzo. Saa chache kabla, mfalme alikuwa amehutubia akisema kwamba wanaotaka mabadiliko wasilie kuwa mamluki wanawaua. Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika walidai uchunguzi huru. Kijiji hiki si cha kwenda kupiga picha, wala familia si ya kubishiwa hodi. Ukitaka kumheshimu, soma hoja alizoandika mahakamani dhidi ya sheria ya ugaidi. Ni za mtu aliyeipenda nchi yake na kuijua sheria yake.

Siku ya nne: Matsapha, Kwaluseni, Manzini

Matsapha ni mji wa viwanda na wa gereza kuu. Julai 2025 watu watano waliofukuzwa Marekani, raia wa Vietnam, Jamaika, Kuba, Yemeni na Laos, waliletwa na kufungiwa hapa ingawa hawakuwa na kosa lolote nchini; Oktoba wakaletwa wengine kumi. Wakili wa ndani alinyimwa ruhusa ya kuwaona. Makubaliano hayo hayakupelekwa Bungeni kwanza. Ukitaka kujua uamuzi wa mtu mmoja unavyopita, fuata mlolongo huu.

Viwanda vya nguo vya Matsapha vinatoa somo jingine. Tarehe 1 Januari 2015 Marekani iliiondoa nchi kwenye AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru, kwa sababu ya kubana vyama vya wafanyakazi na mikutano. Viwanda vikafungwa, na waliolipa kwanza ni washonaji. Lakini pia serikali iligeuza sheria: shirikisho la TUCOSWA, lililofutiwa usajili Aprili 2012 mwezi mmoja tu baada ya kuundwa, lilisajiliwa tena 2015, sheria mpya ya mikutano ya hadhara ikapitishwa 2017, na mwisho wa mwaka huo nchi ikarejeshwa. Shinikizo lenye masharti yaliyoandikwa na muda uliowekwa lilifanya kazi kuliko matamko mengi ya kusikitishwa.

Kampasi ya Kwaluseni ipo karibu. Hapa askari na polisi waliwapiga wanafunzi tarehe 14 Novemba 1990. Hapa pia alisoma sheria Thabani Nkomonye, kijana aliyepotea Mei 2021 na mwili wake kukutwa Nhlambeni, nje ya Manzini. Polisi walisema ni ajali ya gari. Wanafunzi hawakukubali, na ibada ya kumkumbuka ikapigwa mabomu ya machozi.

Kilichofuata kielezwe kwa mpangilio, kwa sababu husimuliwa vibaya kana kwamba vijana waliamka siku moja wakachoma maduka. Kwanza zilikuja barua za madai. Jimbo baada ya jimbo, vijana walikwenda kwa miguu hadi kwenye inkhundla wakamkabidhi mbunge karatasi: ukatili wa polisi ukome, waziri mkuu achaguliwe. Wabunge watatu, Bacede Mabuza wa Hosea, Mthandeni Dube wa Ngwempisi na Mduduzi Simelane wa Siphofaneni, waliyabeba madai hayo hadharani. Tarehe 24 Juni 2021 kaimu waziri mkuu akapiga marufuku kupeleka barua. Njia pekee iliyokuwa wazi ikazibwa, na moto ukawaka tarehe 28 na 29. Maduka na maghala ya bia Matsapha yaliteketea. Jeshi likatolewa, amri ya kutotoka nje ikawekwa kuanzia saa 12 jioni hadi saa 11 alfajiri, na kampuni za simu zikaagizwa kuzima intaneti.

Intaneti ilipozimwa, haikuzimika mitandao ya kijamii tu. Fedha za simu zilikwama, mashine za benki zikakosa mawasiliano, na majeruhi hawakuweza kuita gari. Ndiyo sababu ya fedha taslimu. Weka pia namba muhimu kwenye karatasi, na mkubaliane na mwenzako mahali na saa ya kukutana bila kutegemea simu.

Tume ya haki za binadamu ya nchi yenyewe ilihesabu vifo visivyopungua 46 na majeruhi wa risasi 245. Wanaharakati wanahesabu waliokufa zaidi ya 70. Mabuza na Dube walikamatwa tarehe 25 Julai 2021, wakanyimwa dhamana, wakatiwa hatiani Juni 2023. Julai 2024 Mabuza alipewa miaka 25, Dube 18.

Hapa Manzini pia alikamatwa Sipho Jele, tarehe 1 Mei 2010, kwenye sherehe ya Siku ya Wafanyakazi, kwa kuvaa fulana ya PUDEMO. Siku tatu baadaye alikutwa amekufa katika gereza la Sidwashini, Mbabane. Serikali ilisema alijinyonga. Jamaa zake hawakuliamini hilo.

Siku ya tano: Siphofaneni, Macetjeni, Big Bend

Toka Manzini mapema, kwa sababu ukanda wa chini wa Lubombo ni wa joto kali na kombi, yaani mabasi madogo, husubiri kujaa. Siphofaneni ndilo jimbo la Simelane, mbunge wa tatu, aliyeikimbia nchi.

Tukio la miaka 20 na zaidi huku linaeleza nchi kuliko risasi za 2021. Sehemu kubwa ya ardhi ni Ardhi ya Taifa la Swazi, inayoshikwa na mfalme kwa niaba ya watu na kugawiwa na machifu. Anayetaka kiwanja hufanya kukhonta. Humtafuta mkazi wa kumdhamini, hupelekwa umphakatsi, yaani kwa chifu na baraza lake, huulizwa alikotoka na kwa nini ameondoka, kisha hutoa ng'ombe au thamani yake. Akikubaliwa, huonyeshwa mipaka. Hati haandikiwi. Kinachomlinda ni utii wake, pamoja na kushiriki kazi za pamoja, zikiwemo za mashamba ya kifalme. Mwanamke kwa kawaida amepewa ardhi kupitia mume, ndugu wa kiume au mwana. Barua ya chifu huhitajika mtoto akiomba ufadhili wa masomo au mtu akitaka kuthibitisha makazi. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye mkutano akadai waziri mkuu achaguliwe, si lazima polisi aje. Chifu anaweza kumuuliza tu: bado wewe ni wa hapa?

Macetjeni na kaMkhweli swali hilo liliulizwa kwa bunduki. Mfalme aliamua maeneo hayo yawe chini ya kaka yake, Mwanamfalme Maguga, badala ya machifu wao, Mliba Fakudze na Mtfuso Dlamini. Waliokataa waliondolewa na polisi na askari Oktoba 2000, wakapakiwa kwenye malori na kutupwa mbali na mashamba yao. Wengine wakaishia Afrika Kusini. Walikwenda mahakamani wakashinda. Mahakama ya Rufani ilisema warudi, na polisi wakawazuia njiani. Mwishoni mwa Novemba 2002 waziri mkuu alitangaza kwamba serikali haitatii hukumu mbili za mahakama hiyo: hii ya waliohamishwa, na nyingine iliyosema mfalme hawezi kutunga sheria kwa amri. Majaji wote wa Mahakama ya Rufani walijiuzulu, na nchi ikakaa miaka miwili bila mahakama ya mwisho.

Mgeni asiende Macetjeni moja kwa moja. Desturi ni kupita kwanza umphakatsi kujitambulisha, na papo hapo ndipo tatizo lilipo, kwani kila utakayezungumza naye baadaye atajulikana. Ni afadhali kukutana na watu mjini Manzini au Siteki, kwa saa na mahali watakapochagua wao.

Big Bend ni miwa pande zote. Kiwanda cha Ubombo ni cha kampuni ya Illovo kwa asilimia 60 na Tibiyo Taka Ngwane kwa asilimia 40. Tibiyo ni mfuko ulioundwa 1968 na Sobhuza, unaoshikwa na mfalme kwa niaba ya taifa. Hesabu zake hazipitishwi na Bunge. Mfuko huohuo unamiliki gazeti la Eswatini Observer.

Siku ya sita: Simunye na Lomahasha

Kaskazini, Simunye na Mhlume, miwa tena, na Tibiyo tena ikiwa na zaidi ya nusu ya hisa. Kutoka hapo barabara inapanda milima ya Lubombo hadi mpaka wa Lomahasha na Namaacha, upande wa Msumbiji. Huu hufungwa mapema kuliko Ngwenya, kwa hiyo usiufikie jioni.

Mashariki huku ndiko Dkt. Zwane alikopita alipotoroka mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya kufungiwa mara kadhaa kwa siku 60. Alivuka Msumbiji hadi Tanzania, kisha akarudi nyumbani kwa msamaha wa mfalme. Wakimbizi wa leo huishia zaidi Afrika Kusini, na huko nako si salama: Septemba 2024 kiongozi wa PUDEMO, Mlungisi Makhanya, alipewa sumu akiwa Pretoria na kunusurika.

Anayetaka kupeleka malalamiko nje ya nchi asianzie Arusha, maana Eswatini haijaridhia itifaki ya Mahakama ya Afrika. Mlango uliopo ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, Banjul, kwa kuwa Mkataba wa Afrika iliuridhia 1995. Shirika linaweza kulalamika bila kuwa lenyewe ndilo lililoumizwa. Mambo mawili huangusha maombi mengi. La kwanza ni kutoonyesha kwamba njia za ndani zimetumika au hazina msaada. Kwa hiyo ambatanisha hukumu, tarehe za rufaa na ushahidi wa kutotekelezwa kwake. La pili ni kutegemea habari za magazeti peke yake. Shauri namba 251 la mwaka 2002, lililopelekwa na Lawyers for Human Rights, lilipita kwa sababu tangazo la 1973 lilikuwa limeziondolea mahakama uwezo wa kulihoji. Tume iliamua 2005 kwamba tangazo hilo linavunja Mkataba, ikaitaka serikali ilioanishe na Mkataba na ishauriane na wadau, vikiwemo vyama vya siasa. Katika uchaguzi wa Septemba 2023 hapakuwa na mgombea hata mmoja aliyeruhusiwa kusimama kwa jina la chama.